Mazoezi kwa Sauti ya Radi

Mama mdogo aliingia sebuleni kwetu amevaa suruali ya kubana, ya kijani inayong'aa, iliyomshika kila mahali ambapo mtu mzima hapaswi kushikwa mbele ya watu. Hakusalimia vizuri. Alichomeka flashi nyuma ya televisheni, akaisukuma meza ndogo hadi ukutani kwa goti, akakunja zulia nusu.

"Dada, simama," alimwambia mama. "Leo tunapiga mateke."

Mama alikuwa palepale alipokaa tangu tulipomzika baba: pembeni mwa kochi, mto mgongoni, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Sponji ya upande ule ilikuwa imebonyea ikachukua umbo lake. Hakuondoka pale ila kwenda msalani na kitandani. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi chini ya goti, ngozi imevutika na kung'aa kama ya nyanya, na ukiubonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Daktari wa zahanati alinivuta pembeni siku nilipompeleka.

"Mama yako hana ugonjwa wa mguu," aliniambia. "Ana ugonjwa wa kukaa. Damu ikiganda humo ndani kisha ikapanda kifuani, tutazungumza mengine. Mtembeze, mchezeshe, mkimbize, fanya ujuavyo."

Nilikuwa nimefanya nijuavyo. Nilimwomba twende hadi kona, akasema jua kali. Nilimwomba twende jioni, akasema watu wengi. Nilimwomba tutembee ndani, kutoka mlangoni hadi dirishani, akaniuliza kama nimemwona ana wazimu, azunguke nyumbani kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndiyo maana suruali ile ya kijani ilipoingia niliipisha.

Picha ilitokea. Mwanamume kifua wazi, amejipaka mafuta hadi taa zinaonekana kwenye mwili wake, meno mengi kuliko mdomo. Nyuma yake wanawake wamejipanga. Walicheza dansi kidogo, wakarusha ngumi hewani kidogo, mateke, viuno, ngumi tena, ukashindwa kujua ni sherehe au ni ugomvi. Yule mwanamume alipiga kelele kwa lugha yake, na kila alipopiga kelele mate yalimruka. Kamera ilikuwa karibu. Uliyaona yanavyotoka na uliyaona yanavyoning'inia.

Mimi kazi yangu ni kuosha vifaa kwa daktari wa meno. Nimeona vinywa vilivyooza hadi mfupa, nimemwaga beseni za damu na mate, na saa ya chakula nakula kama kawaida. Sina kinyaa cha haraka. Lakini tabasamu lile lilinipanda kooni.

Nilijaribu hata hivyo, ili mama aone na kushawishika. Nilivua viatu nikasimama nyuma ya mama mdogo. Tukaenda kulia, tukaenda kushoto, goti juu, ngumi mbele. Chini ya zulia lililokunjwa palikuwa na nywele, makombo ya mkate, na kucha za watu ambao sikutaka kuwajua. Zilinigandia kwenye nyayo. Mama mdogo alianza kutoa jasho kabla wimbo wa kwanza haujaisha; lilimtiririka nyuma ya masikio, likashuka mgongoni, likaifanya ile suruali ya kijani kuwa nyeusi katikati. Alipopiga teke la nyuma tone lake moja lilinidondokea mdomoni. Nilitoka nje, nikatema kwenye maua.

Niliporudi mama alikuwa bado amekaa, mikono tumboni.

"Huyu anasema nini?" aliuliza.

"Anasema tuinue goti," nilijibu.

"Maneno yote yale ni goti tu?"

"Ni goti tu, mama."

"Mimi siinuliwi na mtu nisiyemwelewa," alisema, akaomba chai.

Mama mdogo alijifuta shingo kwa kitambaa cha kochi. "Sasa nikuletee wapi anayepiga kelele kwa Kiswahili?" aliuliza, kwa hasira tu, ya mtu aliyechoka. Kisha akabaki na kitambaa mkononi, anafikiri. Akaichomoa flashi, akaondoka na jasho lake.

Hapa lazima nieleze habari za baba. Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Si wa kuandika, wa mdomo. Filamu za nje zilipokuja, alikaa na kipaza sauti katika chumba cha nyuma cha duka la kunakili filamu, picha inapita mbele yake, na yeye anaisema yote kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, mtoto, hadi farasi. Watu walinunua filamu kwa ajili yake, si kwa ajili ya picha. Walimwita Radi. Lugha za filamu hizo hakuijua hata moja. Aliiangalia filamu mara moja kimya, kisha akatunga kinachowezekana.

Nyumbani hakusema. Alikuwa akiliweka koo lake kama watu wanavyoweka nguo ya kutokea, shingo imezungushiwa kitambaa, na aliongea nasi kwa mikono. Vidole viwili vilikuwa chai. Kiganja kifuani kilikuwa asante. Nikirudi na matokeo mazuri ya shule aligonga meza kwa ukucha, taratibu, na mimi nilijua ananipigia makofi. Filamu zake alinikataza kabisa kwa kidole kimoja, na sikumvunjia amri. Nilizisikia kupitia ukuta wa jirani tu, ngurumo bila maneno, na vicheko vya watu baada yake. Nilimwona baba kama mtu safi kuliko wote niliowajua. Mtu asiyesema hawezi kusema vibaya.

Kisha koo lenyewe ndilo lililomgeuka. Miezi yake ya mwisho sauti ilikauka kabisa, ikabaki pumzi na makohozi. Kikombe chake nilikiosha kwa mikono yangu mitupu, kila siku, na sikuwahi kuona kinyaa. Kwa wengine Radi alikuwa amenyamaza. Kwangu mimi alikuwa kama alivyokuwa siku zote, vidole viwili, kiganja kifuani, hadi vidole navyo vikatulia.

Mama mdogo alirudi kesho yake na suruali ileile. Hakuwa ameifua, pua iliniambia.

"Nimetoka kwa Kopi," alisema. Kopi ndiye mwenye lile duka. "Nilimuuliza kama ana mazoezi ya Kiswahili. Dada, hebu sikiliza mwenyewe."

Picha ilikuwa ileile, mafuta yaleyale, meno yaleyale. Lakini kabla ya muziki kuanza ilitoka sauti nene, ya mtu anayekuja na kiti chake kukaa karibu nawe.

"Mpenzi mtazamaji, umefika kwa Radi, radi inayopiga bila wingu. Leo nakuletea kazi nzito. Huyu unayemwona amepakwa mafuta anaitwa Komando. Adui ameteka mji wao, na wanaume wote wamekimbia, kwa hiyo Komando anafundisha wanawake kupigana. Tulia. Adui yuko njiani."

Alikuwa amedhani ni filamu. Walimletea diski, akaona watu wanapiga mateke, akakaa akaitafsiri kama alivyotafsiri nyingine zote, akisubiri vita vianze.

Sikuwahi kumsikia baba akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kulia, na nadhani ningelia vizuri, kama asingeendelea.

Aliendelea. Alikuwa anakula karanga. Ulizisikia zinavyosagwa, ulimi unavyozitafuta kwenye ufizi, mate yanavyovutwa kurudi ndani. Mimi huisikia sauti hiyo kazini kutoka kwa watu waliofumbuliwa mdomo kwa vyuma, wasio na hiari. Yeye alikuwa na hiari. Akapandisha kamasi, akameza. Kisha akaanza kuwasema wale wanawake mmoja mmoja, kuanzia chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayechagua nyama.

"Hawa wawili wa mbele ni mapacha. Mtazame wa kulia. Akiruka, kifua kinamgonga kidevu. Mtazamaji, usikaribie televisheni, utaumia jicho. Wa kushoto naye nyuma hakuna kitu, ubao mtupu, huyo tutamtumia kama mlango adui akija."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa na majimaji. Sikukijua. Nilikaa na mtu yule nyumba moja maisha yangu yote, na kicheko chake nilikisikia mara ya kwanza akiwa ameshaoza ardhini, akimcheka mwanamke kwa kifua chake.

Niligeuka nimwambie mama mdogo azime. Nikamwona mama. Alikuwa ameushusha mguu kutoka kwenye kigoda. Alishika mkono wa kochi, akajisukuma, sponji ikapumua, akasimama.

"Komando anasema goti juu," ilisema sauti ya baba. "Wewe uliyekaa hapo unakula vya watu, nawe pandisha."

Mama alipandisha goti. Halikufika mbali. Lakini lilipanda.

Tangu siku hiyo kila alasiri nikitoka kazini niliwakuta wanafanya. Sebule ilinuka kwapa na zulia lililoloa. Vioo vya dirisha vilifunikwa na mvuke wa watu wawili. Mama alijifunga khanga mbili kifuani, akarusha ngumi kama anayefukuza nzi kwenye sufuria, akazungusha kiuno kadiri kiuno kilivyokubali. Akichoka, baba alimtukana kutoka kwenye televisheni, naye akacheka, akaendelea. Jirani yetu mshonaji alianza kuja kusimama mlangoni na pini mdomoni, asikilize tu. "Marehemu alikuwa na mdomo," alisema siku moja, akifuta machozi ya kucheka, na alimaanisha sifa.

Mguu ulipungua. Niliubonyeza kila nilipompa chai, na shimo lilijaa upesi zaidi kuliko jana yake. Ngozi ilirudi kuwa na mikunjo. Nilijua kinachomponya, na nilikichukia.

Katikati ya mazoezi palikuwa na sehemu moja iliyonifanya nitoke chumbani kila mara. Nyuma kabisa ya safu kulikuwa na mwanamke mnene aliyechelewa kila hatua. Wenzake wakienda kulia yeye ndiyo kwanza anamaliza kushoto. Baba alimwita Shemeji. Komando alipoagiza mguu upande na kuushikilia hewani, Shemeji aliyumba, na baba akasema, mdomo umejaa karanga:

"Msameheni Shemeji, makalio yamefika, yeye yuko njiani. Namjua mtu wa namna hii. Wangu nyumbani akijigeuza kitandani, mimi huokotwa ukutani. Lakini siku asipojigeuza silali."

Mama mdogo alipiga kelele za furaha kila alipoyasikia hayo, akampiga mama kwenye nyonga. Mama aliibana midomo kama msichana. Mimi nilikuwa jikoni, nimejiegemeza kwenye sinki, na mate ya kichefuchefu yamejaa chini ya ulimi. Kitanda kile nilikuwa nakitandika mimi. Baba aliyenigongea meza kwa ukucha alikwenda kila siku kwenye chumba cha nyuma akakiuza kitanda chake kwa watu wasiomjua, wakacheka, wakarudi kwao.

Baada ya sehemu ile kilikuja kikohozi. Kifupi, kikavu, kikifuatiwa na kimya cha mtu anayejishika kifua. Nilikijua. Kilikuwa kikohozi cha miezi yake ya mwisho, lakini mafuta ya Komando na nywele zake vilikuwa vya zamani, filamu ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo alianza kuumwa kabla hatujajua. Mama naye alikijua. Kilipofika aliacha kurusha ngumi, akatazama ukuta, kisha akaendelea.

Nikapata sababu. Siku ya mapumziko niliichomoa flashi nikaenda kwa Kopi.

Duka lake lilikuwa na joto la mashine na harufu ya soksi. Alikuwa anakula mkate wenye siagi, na kwa vidole vilevile anabonyeza kibodi. Herufi zilikuwa zimeshika utando wa kahawia, nyingine hazisomeki.

"Binti Radi," alisema. "Karibu. Hujawahi kuingia humu, unajua? Mzee alisema ukija nikufukuze."

"Nataka ukate kikohozi," nilimwambia. "Kinamsumbua mama."

"Hiyo kazi ndogo."

"Na mengine pia nitakuonyesha."

Alinipa vipokea sauti vya masikioni. Vilikuwa na nta ya watu wengi, imekauka kwenye vitundu, rangi ya asali. Nilivifuta kwa gauni langu, havikufutika, nikavitia masikioni hivyohivyo. Nilikuwa na nia. Aliichezesha picha, mimi nikawa namgusa bega kila palipohitaji kukatwa. Kifua na kidevu, hapo. Ubao, hapo. Kicheko, hapo. Karanga zote. Nilimgusa bega sana.

"Kumbuka muziki na maneno viko kwenye mstari mmoja," alisema. "Nikimtoa yeye, na ngoma inatoka. Patabaki kimya."

"Pabaki."

"Na kwa Shemeji?"

"Hapo toa sauti yote."

Alilamba siagi kwenye kidole gumba, akaniangalia. "Sasa ukimtoa Radi matusi unabaki na nani?"

"Na baba yangu," nilimwambia.

Aliinua mabega, akakata.

Alasiri hiyo mama alijifunga khanga zake, akasimama mbele ya televisheni mwenyewe bila kuambiwa. Baba akamkaribisha mtazamaji. Akasema habari za adui. Goti juu. Ngumi mbele. Kisha sauti ikapotea, na wale wanawake wakawa wanaruka bila muziki, midomo wazi, kama samaki waliomwagwa sakafuni. Baba akarudi akasema, "Sasa kushoto," kwa adabu. Akapotea tena.

Mama alishusha mikono. Alisubiri hadi kwa Shemeji. Shemeji aliyumba kimya, akajiweka sawa kimya.

"Umemfanya nini baba yako?" mama aliuliza, bila kunigeukia.

"Nimemsafisha kidogo, mama."

"Maiti huoshwa mara moja," alisema. "Tulimwosha. Alitoka hapa safi."

Akakaa. Akauinua mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya kigoda.

Sikushtuka mwanzoni. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini hakusimama kesho, wala keshokutwa, wala wiki ile. Mama mdogo alikuja na suruali yake, akarukaruka peke yake mbele ya wale samaki, akachoka, akaacha. Mguu ulirudi. Ukawa na joto. Palitokea wekundu upande wa ndani wa goti, mrefu kama uzi, na nilipombonyeza, alivuta pumzi kwa meno. Nilimkimbiza zahanati. Daktari alitoa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, akasema dawa ni nusu, nusu nyingine ni miguu yake mwenyewe, na nusu hiyo haiuzwi dirishani.

Nikarudi kwa Kopi. Nilimwambia arudishe kila kitu, na karanga.

"Kurudisha kutoka wapi?" alisema. "Faili lilikuwa moja. Nilikata hilohilo."

"Na diski yenyewe?"

"Ilikuwa imekwaruzika yote. Nilibahatika kuitoa mara moja, nikaitupa. Dada, ungesema unataka nakala mbili. Ulinisimamia mgongoni kama askari, kata hapa, kata hapa." Aliniangalia, sauti ikashuka. "Za vita zake ninazo nyingi. Chukua, bure."

Nilichukua moja. Mama aliitazama yote, tangu mwanzo hadi majina ya mwisho, midomo inatembea pamoja na ya baba, machozi yanashuka. Na mguu juu ya kigoda. Filamu ya vita ni ya kutazama umekaa.

Mama mdogo ndiye aliyenisema. Alinikuta jikoni nachemsha maji ya kumkanda, akafunga mlango kwa kisigino.

"Hebu niambie. Uliona aibu kwa niaba ya nani? Marehemu?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nasikia," nilisema.

"Na sisi je, viziwi? Tulisikia, tukacheka, dada yangu akanyanyua mguu. Wewe una pua ndefu mno. Unaosha meno ya watu unadhani na maneno yanaoshwa." Alichukua sufuria mkononi mwangu. "Uliyaondoa, si ndiyo? Basi yako kwako. Aliyemeza ndiye hutapika. Nenda kayaseme."

"Mama mdogo, siwezi kuyatoa yale mdomoni mwangu."

"Basi kaa hapa uchemshe maji. Tutayahitaji mengi."

Nilikuwa nayajua. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Sikuwahi kuyasikiliza, niliyakimbia kila siku hadi kwenye sinki, na bado nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, na mahali pa kuvuta pumzi. Nayaandika hapa kwa sababu hayako tena popote.

Niliwasha televisheni. Mama alinitazama, kisha akatazama picha. Baba alikaribisha watu, akasimulia habari za adui. Mapacha wakaingia. Kimya kikaja, nami nikasimama kando ya skrini, mikono nyuma kama mwanafunzi, nikasema:

"Mtazame wa kulia. Akiruka, kifua kinamgonga kidevu."

Maneno yalikuwa na ladha. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Yalikuwa kama kijiko kilichotoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Mama hakusogea. "Baba yako hakuwa anasoma risala," alisema.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Alikuwa anatafuna."

Mama mdogo alishakwenda kabatini. Alinimiminia karanga kiganjani, zile za zamani, zenye vumbi la chumvi na mafuta yaliyochacha. Nilizitia mdomoni. Nilitafuna. Baba alikuwa amerudi kwenye televisheni anasema kushoto kwa adabu yake mpya, akamaliza, na shimo lingine likafunguka mbele yangu.

Nilitafuna mdomo wazi. Nilivuta mate ndani kwa nguvu, na chembe zikaninata kwenye kaakaa, na nilipofungua mdomo moja iliruka ikagandia kwenye kifua cha Komando. Nikasema habari za ubao. Nikasema tutamtumia kama mlango. Nikacheka kile kicheko chenye majimaji, nikakitafuta chini kooni, na kilikuwapo, kilikuwa kimekaa humo kama kitu changu mwenyewe.

Sponji ilipumua nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama. Alizikaza khanga zake. Mguu mbaya ulikuwa sakafuni na uso wake umekunjika kwa maumivu, lakini alipandisha goti pamoja na wale wanawake, akarusha ngumi, akaenda kulia, akachelewa, akaenda kushoto. Mama mdogo akaingia safu ya nyuma na suruali yake. Baba alisema chake palipobaki chake, mimi nikasema palipobaki tupu. Nilipanguza mdomo kwa mkono na mkono ukanuka.

Kisha Komando akaagiza mguu upande, ushikilie. Muziki ulikatika. Shemeji aliyumba nyuma kabisa. Mama aliunyoosha ule mguu wenye uzi mwekundu pembeni, mkono mmoja ukutani, na akasubiri.

Nilikuwa nimeyatafuna mengine yote. Hayo sikuweza. Nilimwangalia mama, uso wake, nywele zake nyeupe zilizolowa kwenye paji, na mdomo wangu ukafunga kwenye uji wa karanga.

"Haya," mama alisema.

Mguu ulikuwa unatetemeka. Kwenye televisheni walishashusha, walishaingia kwenye ngumi. Mama hakushusha. Tone la jasho lilimtembea shingoni likaingia kwenye khanga.

"Mguu wangu unauma," alisema. "Sema, nishushe."

Nilisema. Nilisema makalio yamefika, yeye yuko njiani. Nilisema wangu nyumbani akijigeuza kitandani, mimi huokotwa. Hapo nilimeza, na kilichoshuka hakikuwa karanga peke yake.

"Huokotwa wapi?" mama aliuliza.

"Ukutani."

"Hujaisema kwa sauti. Na kuna ya mwisho umeiacha, ya usingizi." Alijishikilia vizuri zaidi ukutani, akauinua mguu juu kidogo kuliko mwanzo. "Anza kwa Shemeji."

Mama mdogo alinisukumia bakuli la karanga. Nikajaza mdomo, nikaanza upya.